Foto inapodanganya: kunyoosha nyumba zilizoinama na mistari iliyopinda

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, aliniomba nimpigie foto ya ukuta wa nyumba yake. Ukuta ule ulianza kuinama kuelekea barabara kisha mvua kubwa, na mtoto wake anayefanya kazi Kampala alikuwa amesema atatuma feza ya kuutengeneza, ila kwanza aone. Nikasimama chini ya mteremko, nikainua telefone juu, nikapiga. Nilipofika nyumbani nikaona foto ni mbaya: nyumba yote ilionekana kama inaanguka kwa nyuma. Nikafungua aplikasyo ya kutengeneza picha, nikavuta kwa kidole mpaka ukuta ukasimama wima, muzuri kabisa. Nikamtumia.

Kesho yake akanipigia simu. «Mwanangu, ukuta wangu umeutengeneza na bei gani? Maana mie masoni bado sijamulipa hata franga moja.»

Mtoto wa Kampala alikuwa amemjibu kwamba ukuta uko sawa na haoni sababu ya kutuma feza. Nilipoiangalia foto tena nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona mbele ya kutuma: ukuta umesimama, lakini poto ya umeme iliyo kando yake njo imeinama. Nilikuwa nimenyoosha kitu chenye kuinama kweli, na kuinamisha kitu chenye kusimama.

Wengi wetu leo tunapiga foto ambazo si za kujifurahisha tu. Tunapiga parseli tunayotaka kuuzisha, nyumba iliyopasuka, karatasi ya shamba, mali iliyoharibika. Mtu aliye mbali anaangalia na kukata shauri: anunue ao asinunue, asaidie ao asisaidie. Kwa hiyo inafaa kujua namna foto inavyodanganya, na ni uongo gani tunaweza kuusahihisha bila kuleta uongo mwingine.

Mstari umeinama, ao umepinda?

Mbele ya kugusa aplikasyo yoyote, angalia mistari ambayo unajua ni minyoofu: pembe ya nyumba, mlango, ukingo wa mabati, safu ya matofali. Ikiwa mstari umeinama lakini umebaki mnyoofu, lensi haina kosa. Ni mahali uliposimama na namna ulivyoshika telefone. Lakini ikiwa mstari wenyewe umepinda kama upinde, zaidi kandokando ya foto, hapo ni lensi njo imefanya hivyo. Ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake ni mbili. Mtu anayevuta-vuta foto bila kutofautisha haya atashinda mchana kutwa na hatapona.

Kwa nini nyumba inaanguka nyuma

Simama katikati ya barabara ndefu iliyonyooka na uangalie mbele. Kingo zake mbili zinaonekana kukaribiana kadiri zinavyokwenda mbali. Hakuna anayesema barabara imeharibika. Kila mtu anajua ni umbali. Kuta za nyumba zinafanya vilevile unapoinua telefone kuangalia juu. Msingi uko karibu nawe, paa liko mbali, basi paa linaonekana dogo na kuta mbili zinaegemeana. Jicho letu limezoea, akili inasahihisha yenyewe. Foto haina akili hiyo.

Tuchukue hesabu ndogo. Nyumba ya etaji ina urefu wa mita 9, na wewe unashika telefone kwenye urefu wa mita 1 na nusu. Ukisimama mita 5 mbele yake, utalazimika kuinamisha telefone nyuma sana ili paa liingie, na katika foto upana wa juu utakuwa kama 58 kwa 100 ya upana wa chini. Nyumba imekuwa piramidi! Ukirudi nyuma mpaka mita 20 na kuweka nyumba katikati ya foto, upana wa juu unakuwa kama 94 kwa 100. Ni nyumba ileile na telefone ileile, ila miguu yako imetembea mita 15.

Kuna jambo lingine ambalo wapiga picha wa studio wanalijua lakini sisi wa telefone tunalisahau: telefone ikibaki wima kabisa, kama imebandikwa kwenye ukuta, kuta hazikaribiani hata kidogo. Shida ni kwamba ukiishika hivyo karibu na nyumba, unakata paa. Rudi nyuma mita 14 ao 15, shika telefone kwa urefu wake, wima, na nyumba ile ya mita 9 itaingia yote kwa lensi ya kawaida ya telefone nyingi. Nusu ya chini ya foto itakuwa barabara na mavumbi. Hiyo si kitu, utaikata kisha.

Najua, katika kartie zetu mita 15 za nafasi tupu si rahisi kupata. Kati ya nyumba na nyumba mara nyingine hata motari anapita kwa shida. Basi omba kwa jirani wa ngambo upande kwenye etaji yake, ao kwenye kipando cha mlima; ukiwa katika urefu wa nusu ya nyumba, huna tena haja ya kuinua telefone. Hapo Bukavu inatusaidia: vilima hivi vinavyotuchokesha miguu vinatupa ngazi bure. Lakini vinatudanganya pia, sababu ardhi haiko sawa popote na jicho linakosa kitu cha kulinganisha. Katika parametre za kamera, washa ile mistari inayogawa ekrani kwa visanduku tisa, na ulinganishe na kitu unachojua ni wima, wala si udongo.

Watu wa kamera kubwa za zamani walitatua jambo hili kwa kuteleza lensi juu huku filmu ikibaki wima. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Nikon ilitoa lensi ya milimita 35 yenye kuteleza namna hiyo kwa kamera ndogo za filmu, na mpaka leo wanaopiga majengo wanatumia lensi za jamii hiyo. Bei yake si ya mchezo. Kurudi nyuma ni bure.

Mstari unapokuwa upinde

Sasa ugonjwa wa pili. Katika telefone nyingi mpya kuna kitufe kinachoandikwa 0,5. Ukikigusa, telefone inatumia lensi pana sana, ambayo katika telefone nyingine inafikia karibu digrii 120. Ni nzuri ndani ya chumba kidogo, lakini lensi pana namna hiyo haikuzi foto kwa kiasi kimoja pote: katikati inakuza zaidi, kandoni kidogo. Matokeo yake mistari ya kandoni inavimba kwa nje kama mbao za pipa. Kuna pia lensi zinazofanya kinyume, zaidi zile za kamera kubwa zenye zumu: mistari inaingia ndani kama kingo za mto wa kulalia.

Ukiwa Goma, unaweza kupima jambo hili kwa dakika moja. Nenda kando ya Ziwa Kivu siku yenye mwangaza, tumia lensi pana, weka mstari wa mbali wa maji katikati ya foto: umenyooka. Piga tena na mstari uleule ukiwa juu kabisa, karibu na ukingo wa foto: umevimba kama mgongo wa samaki. Ziwa halikubadilika. Mstari unaopita katikati ya lensi haupindwi, ule ulio mbali na katikati njo unaumia. Ikiwa telefone yako haionyeshi tofauti yoyote, ina maana inasahihisha yenyewe kabla ya kukuonyesha foto, na telefone nyingi za sasa zinafanya hivyo.

Kosa hili, tofauti na lile la kwanza, linahesabika vizuri, sababu linategemea lensi tu na si mahali uliposimama. Mwaka 1919 mtaalamu A. E. Conrady aliandika juu ya lensi ambazo vioo vyake havikupangwa sawasawa katikati. Mwaka 1966 Mmarekani Duane Brown akaendeleza hesabu hiyo kwa ajili ya picha za kupimia. Mpaka leo programu nyingi zinatumia hesabu inayobeba majina yao mawili. Kwa maneno mepesi: kila pikseli inarudishwa mahali pake kufuatana na umbali wake kutoka katikati, na lensi ya aina moja inapewa namba zake zilezile kila siku. Kwa wenye ordinatere, darktable na RawTherapee ni programu za bure zinazotumia hazina ya namba hizo inayoitwa Lensfun. Unachagua jina la kamera na lensi, kazi inaisha. Kama kamera yako haimo, GIMP, nayo ya bure, ina chombo cha kunyoosha kwa mkono.

Vichwa na pua

Kuna uongo wa tatu ambao watu wanaubandika kwa lensi, kumbe lensi haina hatia. Katika foto ya harusi yenye watu wengi iliyopigwa kwa lensi pana, wa kandoni wanatoka na vichwa virefu na mikono minene. Kuta zimebaki minyoofu, basi lensi imefanya kazi yake. Ila gharama ya kuweka mistari minyoofu kwenye foto pana ni kuvuta vitu vya mviringo vilivyo kandoni. Kwenye pembe ya foto ya digrii 120, kichwa kinaweza kuvutwa mpaka urefu wake ukaribie mara mbili ya upana. Kuna aplikasyo zinazorudisha vichwa, lakini zikifanya hivyo kuta zinaanza kupinda. Huwezi kupata vyote viwili. Rudi nyuma, tumia lensi ya kawaida, na tafadhali usimweke bibi harusi wala mama mkwe kwenye pembe.

Vilevile foto ya uso iliyopigwa karibu. Mwaka 2018 Boris Paskhover na wenzake huko Marekani walihesabu kwamba picha ya kujipiga kwenye sentimita 30 inaonyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo. Kwenye mita 1 na nusu tofauti karibu inaisha. Hakuna kidole kwenye ekrani kitakachorekebisha hilo vizuri, sababu kamera ya karibu haikuona hata masikio sawasawa. Mtu akikupigia foto ya karte akiwa amesimama pua kwa pua na wewe, mwambie arudi hatua mbili.

Kunyoosha kwa mkono

Tuseme umepiga, huwezi tena kurudi, na foto imeinama. Kwenye telefone, Snapseed ni ya bure na ina kifaa cha perspektivi. Utaratibu ni muhimu. Kwanza nyoosha kilichopindwa na lensi, kisha zungusha foto mpaka kitu cha wima kilicho katikati kisimame, na mwisho shughulika na kuta zinazokaribiana. Ukianza na perspektivi wakati mistari bado ni upinde, utasogeza upinde huku na huku, na utabaki upinde, sababu kifaa hicho kinaacha mnyoofu kuwa mnyoofu na kilichopinda kubaki kimepinda.

Ukinyoosha nyumba yetu ya mita 5, pikseli 58 za juu zinalazimishwa kujaza nafasi ya 100. Hazikuongezwa, zimevutwa tu, basi paa linatoka na ukungu. Pembe zingine za foto nazo zinakatwa. Kwa hiyo ukiwa unapiga ukijua utanyoosha kisha, acha nafasi nyingi kuzunguka nyumba. Na uwe mwangalifu: aplikasyo zingine zinajaza pembe zilizobaki wazi kwa kubuni majani na udongo ambao haukuwepo. Kwa foto ya parseli hiyo ni hatari. Mnunuzi anaweza kuona kipande cha ardhi ambacho Mungu hakukiumba.

Jambo ambalo halisemwi sana ni vipimo. Unapovuta pembe nne za ukuta mpaka ziwe sanduku, aplikasyo haijui kama ukuta wenyewe ni mrefu ao mpana. Inaweza kukupa nyumba nyembamba kama kabati, na mistari yote iwe wima bila kosa. Dawa yake inauzwa kwa kila duka la karatasi: bandika karatasi ya A4 juu ya ukuta mbele ya kupiga. Tunajua vipimo vyake, sentimita 21 kwa 29,7. Ukimaliza kunyoosha, pima karatasi kwenye ekrani: urefu ukigawanywa kwa upana lazima utoe karibu 1,41. Ukitoa 1,7, umevuta mno. Bana foto mpaka karatasi ipate umbo lake. Karatasi hiyohiyo inakuwa kipimo cha vitu vingine vilivyo juu ya ukuta ule, kama upana wa dirisha ao urefu wa ufa.

Lakini juu ya ukuta ule tu. Hapa wengi wanaanguka. Kunyoosha perspektivi ni hesabu ya uso mmoja ulio bapa. Kitu kilicho mbele ya ukuta, kama mti, gari ao mtu, na kitu kilicho nyuma yake, hakifuati hesabu hiyo. Ukipima upana wa mlango wa jirani aliye nyuma kwa A4 iliyo mbele, utapata namba, na namba hiyo haina maana.

Karatasi za shamba na barua za ofisi ni kazi rahisi zaidi, sababu ni bapa tayari. Aplikasyo za kuskani zinatafuta pembe nne na kunyoosha zenyewe. Wanashindwa tu karatasi ikiwa imekunjwa ao imevimba. Ipige pasi ya mkono juu ya meza, iweke kioo juu yake kama unacho, na uzime flashi.

Foto ambazo usinyooshe

Kwa foto ya kuuzisha nyumba, kunyoosha ni adabu. Mnunuzi aone nyumba namna jicho lingeiona. Kwa foto inayoonyesha kitu kimeharibika, mambo ni mengine. Goma wanakumbuka: kisha volkano ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalipasua kuta na barabara. Mtu anayepiga ukuta wa namna hiyo anataka kuonyesha kuinama kwenyewe, na aplikasyo yenye kunyoosha moja kwa moja imetengenezwa ili iondoe kuinama. Haijui kutofautisha ukuta mgonjwa na foto mbaya. Mimi mwenyewe sikutofautisha, na nilikuwa na macho mawili.

Basi foto ya kwanza, ile isiyoguswa, usiifute kamwe. Nyoosha nakala. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kupoteza habari zake za ndani. Itume kama dokima ili faili ifike ilivyo. Na ukituma iliyonyooshwa, sema wazi: hii imenyooshwa, ile ya kwanza ni hii.

Tena, usiache foto iseme peke yake nini ni wima. Mafundi wa nyumba wana ule uzi wenye chuma kizito chini. Hata kamba ya viatu yenye jiwe inafaa, upepo ukiwa umetulia. Uninginize juu ya ukuta, usimame kandoni, siyo mbele, sababu ukuta unaoinama kuelekea kwako hauonyeshi kuinama. Uzi na ukingo wa ukuta vikiwa katika umbali mmoja kutoka kwako, unaweza kuinamisha telefone, unaweza hata kuvuta foto kisha: nafasi kati ya uzi na ukuta haitapotea, na ukinyoosha vibaya, uzi wenyewe utakufichua.

Nilirudi Kadutu siku ya posho asubuhi. Mama alikuwa ameazima uzi kwa masoni wa jirani, akaunininginiza yeye mwenyewe kutoka dirisha la juu, urefu wa mita 3. Nikabandika A4 kwenye ukingo wa ukuta karibu na msingi, nikasimama kandoni, mbali kadiri barabara ilivyoniruhusu, telefone wima. Juu uzi uligusa ukuta. Chini uliachana nao kwa nusu ya upana wa karatasi, yaani sentimita 10 na kidogo. Sikunyoosha kitu chochote. Jibu la Kampala lilifika mangaribi, na halikuuliza tena kama ukuta umeinama. Liliuliza sima ya kuanzia ni mifuko mingapi.